Mchi Mfupi wa Mama

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa tu nyumbani Lionja, alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani. Alikuwa mwanamke mweusi kuliko mimi, na aliumia sana alipogundua kwamba kijiji kizima kinamwita Mzungu. Akanituma niwaeleze wanawake kwamba mababu zake walitoka Afrika. Nikawaeleza. Wakamwonea huruma kweli, wakampa karanga, wakaendelea kumwita Mzungu.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini kazi ile niliitaka kwa sababu yangu mwenyewe. Utafiti ulihusu wanawake waliokimbia vita Msumbiji, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kunisimulia alivyovuka Ruvuma. Nikimuuliza, hujibu, "Tulikuja, tukafika," kisha hunitafutia kazi ya kufanya. Nilijua mama hatamkwepa mgeni mwenye kinasa sauti.

Maswali yenyewe yalikuwa na vituko. "Unajisikiaje kuwa mwanamke mweusi?" Bibi mmoja akauliza, mweusi kumshinda nani? "Wewe hasa ni nani?" Mwingine akajibu kwamba yeye ni Mmakua, ila siku akigombana na mawifi zake huwa mkimbizi. Mtafiti aliandika kurasa mbili.

Siku ya mama, sehemu ya mwanzo ya fomu niliijaza mwenyewe, nikisema kwa sauti. Umri nikakisia. Watoto, sita. Mama hakubisha. Alijitanda kanga, akasema yale yale, "Tulikuja, tukafika."

Kosa lilikuwa letu. Mtani wake, jirani yetu wa Kimwera, tulikuwa tumemtoa nje, kwa kuwa chuo kilitaka mhojiwa awe peke yake. Kwetu jambo zito halisemwi bila mtani. Hata msibani yeye ndiye humtania mfiwa mpaka apate nguvu ya kula. Nililijua hilo, nikanyamaza nisimuudhi bosi.

Mtani hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya uzio wa mabua akisikia kila neno, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Anawaficha huyo," akasema, akiingia na kujikalia mkekani. "Wenzake walikimbia na nguo, yeye kakimbia na mchi. Kinu kakiacha. Sijui alitaka kumtwanga Mreno."

Mtafiti akaninong'oneza kwamba usiri umeharibika. Mama akacheka.

"Niliushika tu," akasema. "Mtu akikimbia hachagui."

Mchi huo nilikuwa naujua vizuri sana. Ni mfupi, umekatika mwisho mmoja, na nimeutwangia utoto wangu wote nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Kila mwaka niliomba tuchongewe mwingine, mama akakataa. Nilimwona bahili, na moyoni nilimnunia.

"Mwambie mtoto ulikatikia wapi," mtani akasema. "Au niseme mimi kwamba ulikuwa unatwanga mawe?"

Mama akacheka tena, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Akasema walipofika ng'ambo hii, mtoto aliyekuwa mgongoni mwake alikuwa hapumui. Wa kike. Jembe hawakuwa nalo. Akachimba kwa ule mchi mpaka ukakatikia kwenye mizizi, akamalizia kwa mikono.

"Na alichimba vibaya," mtani akasema polepole, ameshamshika mkono. "Wamakua hawajui kuchimba."

"Amesema nini?" mtafiti akauliza.

Kiingereza chote kilinikimbia. Nililia mbele ya kinasa sauti, kikaninasa hivyo hivyo. Mama akanyoosha kidole kwenye fomu iliyokuwa mapajani mwangu.

"Ile sita uliyoandika," akasema, "ifute. Andika saba."