Kura za Ng'ambo ya Bonde

Niliondoka Mbagala kwa sababu Somoe alinipigia simu akasema, "Mwenzangu, njoo ukae na mimi siku hizi za mwisho." Somoe haombi msaada ovyo. Tulisoma darasa moja, tukachezwa unyago pamoja, kisha mimi nikaja mjini kuwa fundi cherehani, yeye akabaki kwetu Kilwa kutetea wajane waliopokonywa mashamba. Sasa alikuwa anagombea udiwani. Nilimwachia jirani funguo za duka, nikapanda basi la Lindi nikiwa na wasiwasi. Mwanamke aliyekwisha kuwapeleka baraza la ardhi nusu ya wanaume wa kata yake, nilijiuliza, kura atamwomba nani?

Kutoka Mbagala hadi daraja la Rufiji nililala. Somanga basi liliposimama, wachuuzi walitufuata dirishani na samaki wa kukaanga. Nilimnunulia Somoe mmoja mkubwa. Naona haya kusema kwamba tulipofika Miteja kilikuwa kimebaki kichwa.

Miteja nilimkuta amesimama kando ya barabara, ana kanga iliyopauka na kandambili. Gari la mpinzani wake lilipita likipiga muziki mpaka kuku wakakimbia.

"Na la kwako liko wapi?" nikamuuliza.

"Hili hapa," akasema, akainua mguu.

Tukashika njia ya kwake, mikorosho huku na huku, mabibo yameanguka chini na kunukia. Yeye alikuwa mbele, anasalimia kila nyumba, na mimi nyuma nalalamika na mkoba wangu. Nilikumbuka siku baba yake alipofariki. Tulikuwa wadogo bado. Baba yake mdogo alikuja baada ya matanga, akasema mikorosho aliyopanda kaka yake ni ya ukoo, na mama yake Somoe akaondoka na mwanawe na mkeka. Somoe alipokua akaenda Kilwa Masoko kujifunza usaidizi wa kisheria, na kesi ya kwanza aliyoipeleka barazani ilikuwa ya mama yake. Wakashinda. Tangu hapo wajane wanamfuata hata wa vijiji vya mbali.

Jioni, tukila ugali wa muhogo na kisamvu, nikamuuliza anautakia nini udiwani.

"Mimi nachota maji kwa kikombe," akasema. "Leo mjane huyu, kesho yule. Nataka mashamba yaandikwe kwa majina ya mke na mume wakiwa wazima, ili mtu akifiwa asianze kunitafuta. Na nataka zahanati Ng'ambo. Masika wajawazito wanavushwa bonde kwa machela."

"Na Ng'ambo watakupa kura?"

Ng'ambo, ule upande wa pili wa bonde, ndiko kwenye watu wengi, na ndiko kwenye ukoo wa baba yake. Tangu kesi ile walikuwa hawamwiti kwenye harusi wala ngoma.

"Wale wakinikataa, imekwisha," akasema. "Kesho nina mkutano kwao. Ndio wa mwisho."

Asubuhi iliyofuata zikaja habari za msiba. Baba yake mdogo, yule yule wa mikorosho, amefariki. Nilidhani Somoe atatuma rambirambi tu. Akajifunga kanga, akaufuta mkutano, akaniambia tuvuke bonde.

Ng'ambo walitupokea kwa adabu, bila neno la ziada. Tulikaa na wanawake kuchambua mchele, na kila Somoe alipoongea, sauti za wenzake zilipungua. Niliumia kwa niaba yake. Yeye aliendelea kuchambua.

Adhuhuri wanaume walikuja kulitoa jeneza. Hapo akatokea mtani wa ukoo, mama mmoja anaitwa Bi Tatu, amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea amekunja mgongo kama alivyotembea mwenyewe. Akakaa katikati ya mlango.

"Halipiti," akasema. "Kwanza nifungulieni sanda nitazame. Mzee huyu nisije nikamkuta ameficha mkorosho wa shemeji yake, anataka kwenda nao."

Kicheko kilipasuka uani. Jambo ambalo ukoo haukulitaja miaka yote lilikuwa limesemwa mchana, mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia Somoe.

"Na wewe mheshimiwa, umekuja kumwomba marehemu kura? Umechelewa."

Nilisimama nimjibu, maana damu ilinichemka. Bibi mmoja akanivuta kanga. "Kaa, mwanangu. Huyo ni mtani, ana haki yake. Wa mjini mnasahau." Nikakaa, nikiwa na haya.

"Simfanyii mtu utani mimi," Bi Tatu akaendelea, ingawa ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya. "Huyu na huyu walikuwa na neno. Mwenye neno aseme sasa. Asiposema, tutalala naye humu ndani."

Wote wakamtazama Somoe. Mimi niliogopa. Akisamehe, watasema anatafuta kura. Asiposamehe, watasema ana roho mbaya. Yeye aliweka ungo chini, akajifuta mikono.

"Shamba la mama lilisharudi," akasema. "Kwake yeye sina neno lililobaki. Alinibeba begani nilipokuwa mdogo, na hilo nalo nalikumbuka. Mpitisheni, jua limepinda."

"Hiyo si kampeni hiyo?" akauliza Bi Tatu.

"Basi keshokutwa msinipigie kura. Leo namzika baba yangu."

Bi Tatu akamtazama, akavua kofia ya marehemu, akasogea mlangoni. Jeneza likapita. Nilimwona Somoe akilia, na mimi nikalia naye.

Tulipokuwa tunaaga, mjane wa marehemu alimwita chumbani. Nilikuwa mlangoni, nikasikia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Akamvuta karibu. "Wadogo zake marehemu wameshaanza kuuliza mikorosho iko mingapi. Wasije wakanifanya kama tulivyomfanya mama yako."

Ningekuwa mimi, ningemkumbusha kwamba mikorosho ile aliila akanenepa. Somoe alimshika mkono tu.

"Watakaa kikao lini?"

"Kesho yake baada ya kuanua matanga."

"Nitakuja. Nikishinda nitakuja, nikishindwa nitakuja."

Siku ya kura matanga yalianuliwa mapema, watu wakatoka msibani wakaenda kupanga foleni. Somoe alipiga kura yake, akarudi kusaidia kuosha masufuria. Hakuwa amefanya mkutano wa mwisho. Mpinzani wake alikuwa amefanya miwili.

Kesho yake asubuhi niliondoka kabla matokeo hayajatangazwa, maana nilikuwa na nguo za watu dukani. Hakunisindikiza barabarani kama ilivyo desturi yake. Alikuwa ameshavuka bonde.

Somanga basi liliposimama nilipiga simu.

"Somoe, vipi?"

"Nimeshinda. Ng'ambo wamenipa kura nyingi kuliko Miteja."

Nilianza kupiga vigelegele ndani ya basi, abiria wakageuka.

"Ngoja," akasema kwa sauti ya chini. "Usinipongeze sasa hivi. Wazee wa ukoo wanakaa, na mama mdogo amenishika mkono haniachii. Nitakupigia." Akakata.

Nilinunua samaki, nikamla taratibu. Nilikwenda Miteja nikijiuliza wale aliowapeleka barazani watampaje kura. Nilirudi nikijua kwamba hao ndio waliomfahamu kuliko wote. Somoe akisema atakuja, wao walikwisha kumwona akija.