Maharage ya Bibi Efrazia

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujaondoka kijijini Mlola. Ndugu Dorkasi Shemndolwa amepiga magoti karibu na meko, macho kwenye saa ya mkononi. Bibi Efrazia anatazama kifua cha mjukuu wake Paskali, mwenye miezi saba. Kila kifua kikipanda, anadondosha harage moja kwenye kikombe kidogo cha bati. Hakuna anayetaja namba.

"Dakika imekwisha, Bibi."

Wanachungulia. Maharage yamevuka mstari uliochorwa ndani kwa msumari.

"Yamepita!" Bibi anasema, akimgeukia mama wa mtoto. "Yunis, mfunge mwanao mgongoni. Zahanati, sasa hivi!"

Dorkasi, miaka 34, ni mtafiti wa magonjwa ya kifua. Tangu 1973, mwaka wa tatu sasa, anapanda na kushuka milima hii kwa miguu, akitafuta dalili ya kichomi ambayo mama anaweza kuiona nyumbani mapema. Ameipata: kasi ya pumzi. Kasheshe ilikuwa kuihesabu.

"Shahada nilikuwa nayo, akili sina," anasema akicheka. "Nilihesabu kwa sauti!"

Hapa mtoto hahesabiwi. Ukimhesabia pumzi, umemhesabia siku. Wa kwanza kumfukuza Dorkasi ni Bibi Efrazia huyu huyu, na nyumba nyingine zikafuata. Wiki ile ile mjukuu wake Klara akafa kwa kichomi.

Kicheko kimekwisha. "Nililia. Bibi simlaumu. Mimi ndiye niliyeitaka namba kuliko mtoto."

Alirudi bila daftari, kuhani msiba. Siku tatu alikaa na wanawake wa msiba akichambua maharage, na hapo ndipo wazo lilipomjia: harage moja kwa kila pumzi, bila kutaja namba. Wasomi wetu, mpo hapo?

Mchana Yunis anarudi. Paskali amechomwa sindano ya penisilini na ananyonya.

"Shikamoo, mama. Ameshika ziwa!"

"Marahaba, mwanangu. Ashukuriwe Mungu."

Dorkasi anataka kikombe kila nyumba. Kwa kuwa saa za mkononi hakuna, anajaribu kopo lenye tundu: maji yakiisha, dakika imetimia. Vikombe anavyo tisa tu, na kesho anaanza Malindi ya huku huku milimani, ambako bado hawamtaki.

Ananyoosha mkono kuchukua kikombe. Bibi Efrazia hakiachii.

"Hiki hakitoki hapa," anasema. "Na kesho nakwenda nawe. Wakikufukuza, nitawaeleza mimi habari za Klara."