Tiki ya Kijani

Mama yangu alifanya mtihani mmoja tu maishani mwake, na aliyemfelisha ni simu. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa upole mbele za watu, hasa watu wa chuo kikuu ninakofanya kazi, lakini upole haunijii. Kwa hiyo nitalisema kama lilivyo.

Nyumba yetu iko Ilala, nyumba ya urithi yenye ukumbi mrefu katikati, na kwenye baraza la mbele mama alikaanga samaki tangu mimi sijazaliwa. Alfajiri yuko Feri kwenye mnada, adhuhuri karai limeshachemka, na ikifika magharibi amebakiwa na vichwa vya kumpa paka. Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, ni kiziwi. Homa ilimchukulia usikivu akiwa bado hajajua kusema. Shule alipelekwa, akawekwa dawati la nyuma, akawa anatazama mdomo wa mwalimu mpaka akachoka, akarudi nyumbani, na hakuna aliyekuja kumuulizia. Jirani mwenye karakana mtaa wa pili akamfundisha ufundi wa makochi. Mtaani walimwita bubu. Mama aliwahi kummwagia mtu maji ya samaki kwa neno hilo, na mtu huyo mpaka leo akifika kwetu huvuka upande wa pili wa barabara.

Nyumbani tulikuwa na ishara zetu, na mtunzi alikuwa mama. Baba, aliyefariki mimi nikiwa tumboni, alikuwa ni kushika kifungo cha juu cha shati, maana wanasema hakuwahi kukiacha wazi hata joto liwe vipi. Mimi nilikuwa ngumi ya kufikicha jicho, kwa sababu nililia sana utotoni. Kariakoo ilikuwa viwiko viwili vinavyosukuma watu. Kaka mwenyewe alikuwa kiganja kinachopigwa taratibu kifuani mara mbili, kwa kuwa alipokuwa mchanga hakukubali kulala popote ila kifuani kwa mama. Kwa ishara hizo tulikula, tuligombana na tulichekana. Mama aliamini hakuna asichoweza kuzungumza na mwanawe, na sisi wengine hatukuwa na sababu ya kubisha.

Kisha nikapata kazi chuoni, msaidizi kwenye mradi wa kufundisha lugha ya alama kwa simu. Ulikuwa utafiti wa kutoka nje ya geti, wa kuwafuata watu wazima viziwi ambao shule iliwapita. Unafungua somo, unamwona mwalimu kiziwi akionyesha ishara, halafu na wewe unaifanya mbele ya kamera. Simu inaipima mikono yako. Ukipatia, inatoka tiki ya kijani. Ukikosea, linatoka duara jekundu na maneno mawili: Jaribu tena.

Nikamwandikisha kaka. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alilila somo kama aliyefunga mwezi mzima. Alijifunza karakanani, misumari midomoni, simu imeegemezwa kwenye mkono wa kochi lisilo na kitambaa. Si muda akawapata wenzake. Jumamosi walikutana Kariakoo, kwenye kibanda cha juisi ya miwa, viziwi watupu, mikono ikiruka juu ya glasi, na wenye maduka ya jirani wakiacha kazi kuwatazama. Alirudi nyumbani anacheka peke yake. Mimi nilijifunza nikimkimbilia kwa nyuma, na sijawahi kuipenda kazi yoyote kama nilivyoipenda kazi ile miezi ile.

Jumapili moja baada ya chakula, mama akipepeta mchele ukumbini, kaka aliniambia kwa ishara zake mpya, "Muulize mama. Baba alikufa kwa sababu ya ile dawa niliyoimwaga?"

Nilidhani sijaelewa. Nikamwomba arudie, akarudia polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Alipokuwa mdogo, baba akiwa mgonjwa kitandani, aliigusa chupa ya dawa dirishani ikaanguka ikavunjika. Mama alifuta sakafu. Kesho yake nyumba ikajaa watu, baba akabebwa. Hakuna aliyemgombeza, na yeye aliona hiyo ndiyo dalili kwamba kosa lilikuwa kubwa mno. Akakua nalo. Akala nalo, akacheka nasi nalo, akatia misumari kwenye makochi ya watu nalo, na hakuwa na ishara ya kuuliza.

Nilipomfasiria mama, ungo ulimtoka mikononi, mchele ukasambaa. "Dawa gani?" akasema. "Ile ya kikohozi? Baba yenu aliumwa figo, mwanangu! Hospitali walishaturudisha nyumbani, walishatuambia tusubiri!" Halafu akajifunika uso kwa kanga na kulia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia, akisema, "Miaka yote hii? Mtoto wangu, miaka yote hii?"

Kaka hakuyasikia hayo. Alichokiona ni mama kuangusha ungo na kuficha uso. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa.

Nikamshika bega, nikamwambia kwa haraka: figo, hospitali, siyo wewe, siyo wewe kabisa.

"Wewe ulikuwa tumboni," akanijibu. "Aliyekuwepo ni mama."

"Mama ndiye anayesema."

"Mikono ni yako," akasema kaka, akatoka kwenda karakanani ingawa ilikuwa Jumapili.

Simlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa namdanganya tangu utotoni kwamba mapera yameisha, kwamba mama hakukasirika, kwamba yule msichana wa nyumba ya pili alimuulizia. Nilikuwa mdogo wake ninayempenda, na mtu wa namna hiyo lazima aseme siyo wewe.

Jioni ile mama alijaribu mwenyewe. Alijipiga kiganja kifuani mara mbili, akashika kifungo cha shati, akatikisa kichwa kukataa, akamnyooshea kidole. Kaka akamtazama, akamshika mkono akaushusha chini, kama unavyomtuliza mtu anayejisumbua bure. Ishara zetu zilikuwa za kuonyesha kitu kilichopo: njoo, kula, mvua, samaki. Hazikuweza kubeba jambo kama lile, na mama aliliona hilo siku ile ile. Nadhani ndilo lililomvunja zaidi.

Kesho yake aliniita barazani. "Nifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini, mama?"

"Hilo moja tu. Baba aliumwa, siyo wewe. Sitaki mengine."

Nikamwekea masomo kwenye simu yake na kumwonyesha pa kubonyeza. Akaiegemeza kwenye kopo la chumvi, karibu na karai, na kila akipata nafasi kati ya mteja na mteja alijifuta mafuta na kuanza. Kulikuwa na ishara moja iliyotaka vidole vinyooke vyote. Vya mama vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi na kwa kushika kisu asubuhi zote za maisha yake, na havikunyooka hata alipolala. Duara jekundu. Jaribu tena. Akakunja kanga vizuri begani, akajaribu tena. Duara jekundu.

Wateja walimtania. "Bibi, unampungia nani hapo?"

"Nampungia babu yako, kachelewa kurudi," aliwajibu bila kuondoa macho kwenye simu.

Mimi nilikuwa nikitoka kazini namkuta hapo hapo. Nilimwambia, "Mama, mwite umwambie. Hivyo hivyo. Ataelewa."

"Ataelewa nini? Mikono hii hii nimeongea naye tangu mdogo, nikidhani tunaelewana, kumbe mwenzangu anatembea na kifo cha baba yake. Nikikosea tena je? Nikimwambia kitu kingine?"

"Hukosei. Simu ndiyo haijui."

"Haijui vipi? Si nyie wa chuo mmeisomesha?"

Mama aliishia darasa la nne, na aliyesoma alimheshimu kuliko alivyostahili, pamoja na mimi. Alitaka tiki ya kijani kwanza, ndipo amwite mwanawe.

Niliipeleka habari hiyo maabara. Vijana waliotengeneza programu walinisikiliza vizuri, siwezi kuwasingizia. Wakanieleza kwamba ilifundishwa kwa mikono ya wanafunzi wa chuo waliojitolea, mikono ya vijana, hivyo ikiona kidole kilichopinda inadhani ni ishara nyingine. "Mikono ya wazee tumeshaiona kama changamoto, dada," mmoja akasema. "Tutaiingiza awamu inayofuata."

Nikasema mama yangu siyo awamu. Nikasema na mengine, kwa sauti, mpaka nikaletewa maji ya kunywa.

Wakati huo kaka alikuwa amebadilika kwetu. Hakuwa mkali. Alimletea mama sabuni, mkaa, akamtengenezea kigoda chenye sponji, lakini alikuwa kama mpangaji mwenye adabu. Mama alimtazama akiingia na akitoka, mikono imetulia mapajani. Aliacha hata zile ishara za zamani. Mwanamke aliyemtungia mwanawe lugha nzima akawa ananiita mimi, "Hebu mwambie kaka yako chakula tayari." Kuna siku nilikataa, nikamwambia amwambie mwenyewe. Akafunika sahani kwa kawa. Chakula kikapoa, na mwishowe nikamwambia mimi.

Presha ilimwangusha asubuhi moja akipaa samaki barazani. Majirani wakampakia kwenye bajaji. Tulipofika hospitali hatukuwa na cha kungojea. Kaka alikuja kutoka karakanani na chembe za sponji nyweleni, akasimama ukutani, akawa ananitazama mikono, nami mikono yangu ilikataa kusema. Akaelewa kwa kuona hilo tu. Alasiri tulimzika, na kaka ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Hajawahi kunieleza alichofikiri mle ndani.

Chuoni walinipa pole nyingi, wakanichangia. Kwenye ripoti ya mradi mama alihesabiwa pamoja na wasiomaliza somo. Najua, kwa sababu niliyeichapa ni mimi.

Tanga lilipokwisha nilichukua simu yake nitafute namba za ndugu wa Kilwa tuwaarifu habari ya arobaini. Nikaiona programu, nikaifungua nikiwa na nia ya kuifuta. Ndipo nikakumbuka kwamba kila jaribio lilikuwa linarekodiwa, na lingetumwa chuoni kwa ajili ya utafiti simu ikipata bando. Mama hakuwahi kuweka bando. Alisema intaneti ni ya watu wasio na kazi. Kwa hiyo hakuna kilichotumwa. Yote yalikuwa mle, yamepangwa kwa mstari, kila moja na duara lake jekundu chini.

Nilimwita kaka. Tukakaa barazani, yeye kwenye kigoda alichokitengeneza, karai limefunikwa kifudifudi ukutani, nikabonyeza la kwanza.

Mama anatokea upande, kilemba kimekatwa na ukingo wa picha, nyuma yake moshi. Anaitazama kamera kwa adabu, kama yuko mbele ya karani wa benki. Anapiga kiganja kifuani mara mbili. Anashika kifungo cha shati ambacho yeye hana, maana ishara hiyo ya baba hakutaka kuibadilisha. Kisha zinakuja zile mpya za somo, ambazo ndizo simu ilizipima: aliumwa, na vidole vyake vilivyopinda. Siyo. Wewe. Ananyoosha kidole moja kwa moja kwenye kamera. Anangoja. Uso wake unainama kusoma maneno mawili, midomo ikiyatamka, halafu anajifuta mikono kwenye kanga.

Kaka akaichukua simu mkononi mwangu. Akaangalia la pili, la tatu, akaendelea. Kuna moja ambalo paka aliiba kibua katikati ya sentensi, mama akamrushia mwiko na kurudi kumalizia. Kaka alicheka hapo. Kisha akalia kwa sauti kubwa asiyoisikia, mpaka majirani wakatoka milangoni, na mimi nikawapungia mkono warudi ndani.

Alipotulia aliniuliza, "Kwa nini hakuniambia?"

"Simu ilikataa."

"Ilikataa nini?"

Nikamwonyesha duara jekundu. Nikamweleza habari ya vidole, ya wanafunzi, ya tiki ya kijani aliyokuwa anaingoja. Alinitazama mikono mpaka mwisho, akiwa amekunja uso, kama mtu anayeelezwa jambo la kipuuzi kuhusu nchi ya mbali. Halafu akarudi kwenye jaribio la kwanza kabisa, akaliacha liishe.

"Hili," akasema kaka, akaigonga simu kwa kidole. "Hili la kwanza nimelielewa lote."

Akaiweka simu kiganjani mwake tena bila kuizima, nayo ikasogea yenyewe kwenye jaribio lililofuata, na mama akavuta kanga yake begani, akaanza tena.