Ndege Mla Ukungu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu: siku mama alipokanda udongo wa kumziba ndege wangu. Nitakusimulia bila haraka, maana kabichi nimeshazimwagilia na jua la Mlali saa hizi halimtaki mtu shambani. Lakini kwanza ujue kwa nini nimelikumbuka jambo hili. Wiki iliyopita kijana wangu wa kwanza alikuja kutoka mjini na ndoo ya rangi, ile ya maziwamaziwa, akasema anataka kupaka kuta za nyumba yangu kwa sababu wageni wanakuja na kuta zimejaa wanyama niliowachora mimi, bibi kizee. Eti watu wanasema nimerudia utoto. Nilimwambia airudishe ndoo yake kwenye gari. Mtu anarudia alikotoka, na mimi kule sikuwahi kutoka, ingawa walijaribu sana kunitoa.

Tulikuwa tunaishi juu milimani, upande wa Matombo, katika nyumba ya bibi mzaa mama. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo ardhi ilikuwa ya bibi, na mwenye sauti juu yangu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshamaliza shule ya misheni, nikawekwa ndani kufundwa kabla ya kuolewa. Mwali hatoki, haonekani na watu, hapazi sauti. Kungwi, yule mama wa kunifunda, alikuja kila siku kunifundisha namna ya kukaa, kusalimu wakubwa na kutunza nyumba. Siyadharau mafunzo yale, mengine yananifaa hadi leo. Ila akishaondoka nilibaki peke yangu kwenye chumba chenye kidirisha kidogo, nikiwasikia wadogo zangu wakicheza mtoni bila mimi. Iliniuma, mwanangu. Siku za mwanzo nililia mpaka sauti ikakauka.

Sasa, sisi watoto wa nyumba ile tulikuwa na ndege wetu, tuliyemtunga wenyewe. Kule juu asubuhi ukungu unafunika kila kitu, unaweza kumshika mbuzi kamba na mbuzi mwenyewe humwoni, halafu kidogo kidogo unaisha. Tulisema kuna ndege mkubwa anaula. Migomba ya bondeni ikianza kuonekana, tunajua ameshiba nusu. Ukungu ukikaa mpaka mchana, tunajua anaumwa tumbo, na tunamwombea apone. Padri alitusikia siku moja tukimwombea, akatuuliza ni ndugu yetu yupi anayeumwa.

Basi kule ndani nikachukua mkaa, nikamchora ndege yule ukutani. Mabawa yalienda kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Tumboni nikampaka majivu, kwa sababu huko ndiko ukungu ulikokuwa unakwenda. Miguu sikumpa, maana hakuwahi kutua. Kuanzia siku ile nilipumua. Nilikuwa naamka, namuuliza kama ameshakula, najijibu mwenyewe kwa sauti yake, nacheka kimyakimya ili kungwi asinisikie. Sikulia tena.

Nilipotolewa, ngoma ikapigwa, nikapakwa mafuta na kuvishwa kanga mpya. Posa ilikuwa imeshafika, na sikufichi, kijana mwenyewe nilikuwa namtaka. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba kanisani, na kila akinisalimia alikuwa anatazama chini. Wazee wa kwao walikuja kutuona, na shangazi yake akaomba kuingia chumbani nilikofundwa. Akauona ukuta. Alitoka, wakala chakula chetu, na walipokuwa wanaaga ndipo wakamwambia mjomba kwamba hawawezi kuoa mtu mzima anayecheza na mkaa. Wangerudi kesho yake asubuhi. Wakikuta ukuta umesafishwa, mambo yataendelea. Wakikuta bado, wataposa kwingine.

Mjomba aliona aibu sana. Alimwamuru mama akande udongo, na mama akaukanda huku machozi yanamtoka, maana alitaka niolewe na pia alikuwa ameshamzoea yule ndege. Hapo ndipo bibi alipoingia. Alikuwa mwembamba, mfupi, hasira zake ziko karibu, na mjomba pamoja na ukubwa wake wote katika ukoo alikuwa mtoto wake wa kumzaa.

"Nyumba hii ni ya nani?" bibi alimuuliza.

Mjomba akasema ni ya mama yake.

"Mmemfunda awe mke, mmefanya vizuri. Nani amewaambia kwamba lazima mumuue kwanza mtoto aliyemo ndani yake?"

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alijibu kwa upole kwamba atakayekosa mume ni mimi, siyo bibi. Hilo lilikuwa kweli, na bibi alilijua. Kisha akamnyang'anya mama beseni la udongo, akaliweka mbele yangu.

"Mwenye ndege ni wewe, na mwenye mchumba ni wewe," akaniambia. "Ukitaka kumziba, mzibe kwa mkono wako. Usimtume mama yako."

Wote watatu wakanitazama. Nilimfikiria yule kijana na sauti yake, na wallahi nilimtaka. Nikachota udongo. Nikamsikia mama akishusha pumzi. Mkono ulipofika ukutani, karibu na shingo ya ndege, nikajiuliza baada ya hapa wataniambia niache nini. Kuimba nikilima? Kucheka peke yangu? Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikateremsha mkono, na kwa udongo uleule uliokandwa kumzibia, nikampa ndege miguu. Mguu wa kwanza ulitoka mnene, wa pili ukapinda. Nilitaka atue, akae, anifuate popote nitakapopelekwa.

Bibi alisogea akatazama. "Mguu wa kushoto mfupi," akasema. Mjomba akachukua kofia yake akatoka nje.

Posa ikavunjika. Sitakudanganya kwamba haikuniuma, niliumwa moyo msimu mzima, na kisimani nilisemwa mpaka nikawa nachota maji wakati wenzangu wameshaondoka. Yule kijana alioa kwingine, nikasikia harusi yao kwa mbali. Miaka ikapita. Nikaolewa na mwanamume wa huku Mlali, ambaye siku ya kwanza kuuona ukuta ule aliuliza ndege huyo anakula nini. Ameshatangulia mbele za haki. Wiki niliyomzika sikuweza kula wala kuongea na mtu, wanangu wakaogopa. Nilichukua mkaa nikachora ukuta wa jikoni mchana kutwa, kisha nikaomba uji. Mtoto yule waliyetaka nimzibe ndiye aliyeninyanyua, mtu mzima aliyekuwamo ndani yangu hakuwa na nguvu hiyo.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe unayekwenda kazini umenyoosha shati na umesahau ulikuwa unafinyanga magari ya udongo. Kaa chini ufinyange. Kama ulikuwa unaimba, imba, kama ulikuwa unatunga hadithi za uongo za kuwatisha wadogo zako, zitunge tena. Usisubiri uwe hodari. Usifanye ili kuuza, wala ili watu wakusifu kwenye simu. Fanya kwa sababu yuko mtoto ndani yako ambaye hajapata mtu wa kucheza naye kwa miaka mingi, na hana mwingine ila wewe. Na mwanao akikuchorea ukuta, weka fimbo chini, umuulize amechora nini, kisha umsikilize mpaka amalize. Watakaokuambia umeshakua, uache, waheshimu, waamkie shikamoo, uwakaribishe chakula. Kuacha, usiache. Ikikugharimu posa, ikugharimu. Mimi ilinigharimu na bado nakuambia usiache.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na uzao wako. Akupe chakula, akupe watu wa kucheka nao, akujalie uzee mrefu, na siku atakapokuja kukuchukua akukute umekaa sakafuni, mikono michafu, umwambie angoje kidogo umalize.