Vidaraja vya Baba Mkwe

Jamani, mkiniona nacheka leo msidhani sikulia siku ile, maana kwa aibu niliyoipata Inyonga mbele ya wafugaji nyuki na wageni wao, nilitamani nirudi Mpanda kwa miguu.

Iko hivi. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Mpanda, na baba mkwe ni mwandika mabango wa siku nyingi, wale wa brashi na kopo. Wafugaji nyuki walikuwa wanafungua duka la asali, wakatupa kazi ya ukuta, na ukuta ukiwapendeza tungeandika na ndoo zao zote. Mzee akakata herufi kwenye karatasi ngumu, akanituma nitangulie nayo.

"Wewe paka rangi tu, mama Neema, mengine niachie."

Sasa mimi na kiherehere changu (kompyuta imeniharibu), nikaona kila A, O, B na R ina vijiti katikati, nikasema mzee macho yamechoka, hakumalizia kukata. Nikachukua wembe nikavikata vyote, vipande vya katikati vikadondoka, nikavifagia. Nikabandika karatasi ukutani, nikapaka rangi nyeusi, na kwa kutaka sifa nikaiacha palepale ili mwenyekiti wa wafugaji aibandue mwenyewe mbele ya watu.

Akabandua. ASALI BORA yote matumbo ya herufi yamezibwa, madoa meusi matupu. Mama mmoja akauliza taratibu, "Hayo ni maandishi au ni nyuki?" Watu wakaangua kicheko.

Baba mkwe, ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, hakunifokea. Aliomba rangi nyeupe na brashi nyembamba, akafungua matumbo ya herufi moja moja, bila rula, mkono hautetemeki, na ile O ikatoka duara safi kabisa.

"Vile ni vidaraja, mwanangu," akaniambia. "Vinashika katikati isianguke. Waliotutangulia waliandika hivyo kwenye mabehewa na magunia, mimi sijazaliwa."

Mimi niliyekulia karibu na stesheni, nimeyaona mabehewa hayo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza! Nilimstaajabia yule mzee mpaka machozi yakanitoka.

Kazi ya ndoo tulipewa, ila kwa sharti la mwenyekiti: mzee aandike, mimi nishike kopo. Nimeapa, kazi ya fundi nisiyoielewa sitairekebisha kabla sijauliza. Jana ameniachia brashi nichague herufi moja ya kuandika. Nimechagua I, haina tumbo.