Mwaliko kwa Jina la Sabiha

Kwa miaka mingi hakuna harusi wala khitma iliyofanyika Tongoni kabla Bi Mwatumu binti Jumbe hajapita. Alikuwa mwalishi. Mwenye shughuli alimwita, akampa tambuu na kanga mpya, akamtajia siku. Naye akavaa buibui lake akatoka kwenda mlango kwa mlango. Akiitikiwa hodi hakuketi mara moja. Alisimama ukumbini, akataja jina la mwenye shughuli, kisha akawataja wanawake wote wa nyumba ile, mkubwa kwa mdogo, hata mgeni aliyefika jana kutoka Pangani. Ambaye jina lake halikutajwa hakualikwa, na asiyealikwa hakwenda, hata kama shughuli ni ya jirani anayechangia naye ukuta.

Akishaalika ndipo aliketi, na akiketi aliambiwa mambo. Wakati huo Tanganyika haikuwa na tume ya haki za binadamu, na maneno hayo yenyewe yasingeeleweka kijijini. Mwanamke mwenye dhiki alikuwa na jumbe, liwali na kadhi, wote wanaume, wote mbali na jiko lake. Bi Mwatumu alikuwa karibu. Mjane mmoja alipofukuzwa na shemeji yake katika nyumba ya marehemu mumewe, Bi Mwatumu alimsikiliza mjane, akaenda kumsikiliza shemeji, akawauliza majirani wa pande zote mbili, kisha akapanda lori la Pirbhai, mnunuzi wa mbata, mpaka mjini Tanga kumweleza kadhi. Hukumu haikuwa yake. Yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mwenye kuhukumu amesikia. Mjane alirudi chumbani mwake, na Tongoni nzima ikajua amerudishwa na miguu ya nani.

Ndipo akaja Sabiha.

Sabiha binti Mwinyijuma alikuwa msichana wa mjini, amesoma mpaka darasa la nane, akaolewa Tongoni na Miraji, mchuuzi wa samaki. Alikuja na cherehani. Wanawake walimpelekea vitambaa, na wakati sindano inakwenda walizungumza. Baada ya miezi michache baraza lake halikuwa na nafasi ya kuketi. Vicheko vilisikika mpaka msikitini.

Bi Mwatumu alianza kupita njia ile bila mwaliko wowote wa kupeleka, apate tu kuona ni viatu vya nani vilivyovuliwa barazani.

"Leo tena umepita kwa Sabiha," Uweso mumewe alimwambia jioni moja. Uweso alikuwa mkwezi wa minazi, na kutoka juu ya mnazi aliona mengi.

"Njia ni ya serikali."

"Ya serikali, naam. Lakini serikali yenyewe haiipiti mara zote hizo."

"Miye nimemsikia akizungumza na watu. Hajui kusikiliza yule. Mtu hajamaliza kusema, yeye keshajibu."

"Kumbe ulisimama ukasikiliza."

Bi Mwatumu alivuta ungo akaanza kuchagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Mwaka 1954 shamba la mkonge la jirani lilizungusha seng'enge mpaka kuvuka njia ya kisimani. Kisima hicho ndicho kilichokuwa na maji baridi. Vingine vyote vya karibu na pwani vilikuwa vya maji ya chumvi, ya kuoshea tu. Wanawake waliendelea kupenya chini ya waya kama kawaida, mpaka asubuhi moja walinzi walipowakamata Mwanasiti na jirani zake wawili, wakawaketisha juani mbele ya ofisi ya shamba hadi alasiri, mitungi yao ikiwa imejaa mbele yao, wasiruhusiwe kunywa hata funda moja.

Bi Mwatumu alifanya kama alivyofanya siku zote. Aliwasikiliza wote watatu, akaenda langoni kumwuliza msimamizi, akapanda lori kwenda kwa liwali. Liwali alimjibu kwa upole kwamba shamba lina hati yake na yeye hana la kufanya. Kwa mara ya kwanza miguu yake ilirudi mitupu. Hakuna aliyemlaumu. Lakini jioni ile alimwona Mwanasiti, shoga yake tangu utoto, akielekea kwa Sabiha na kitambaa kisichohitaji kushonwa.

Habari iliyofuata, yeye mwenye kupeleka habari za watu, alikuwa wa mwisho kuipata.

"Hukusikia?" Mwanasiti alimwuliza. "Wageni wa Umoja wa Mataifa wanakuja Tanga. Wanazunguka nchi nzima kuwauliza watu wanatendewaje. Wazee wamekaa, wamesema jambo la kisima liende, na msemaji awe mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Mwanasiti alitazama ukucha wa kidole chake cha mguu. "Sabiha."

"Sabiha amekaa juani lini?"

"Hajakaa. Lakini anasema vizuri, shoga. Na Kizungu kidogo anacho."

"Miye nimekwenda kwa liwali kwa ajili yako."

"Ulikwenda, nami sikusahau. Ulirudi na nini?"

Siku zile Bi Mwatumu hakula vizuri. Ujana wa yule binti haukumwuma, wala shule yake, wala cherehani. Kilichomwuma ni kwamba wanawake walikuwa wakimwambia mtu mwingine yale waliyokuwa wakimwambia yeye, na kwa sauti ileile ya chini. Alijiuliza kama mlangoni mwa watu atabaki kuwa mdomo tu wa kutaja siku za harusi. Hilo liliwezekana kabisa, na ndilo lililomnyima usingizi.

Sabiha alikazana. Alitangaza pale barazani kwamba lori la Pirbhai litaondoka Jumamosi alfajiri, na kwamba wageni wanataka kuwasikia wenye dhiki wenyewe, si msemaji peke yake. Wanawake waliitikia, "Inshallah." Akapanga Ijumaa baada ya swala wakutane kwake, kila mmoja aeleze lililompata ili yeye ajue aanzie wapi. Alitandika mikeka, akapika kahawa. Waliofika ni mawifi zake wawili, wanaoishi nyumba ileile.

Bi Mwatumu aliona mikeka ile mitupu alipopita, na furaha ikampanda kifuani kama mtu aliyekunywa kitu cha moto. Alikuwa ameijua sababu tangu mwanzo. Sabiha, mtu wa mjini, alidhani tangazo la barazani linatosha. Hakuna aliyepelekewa mwaliko nyumbani, hakuna aliyetajwa kwa jina. Wanawake walisema inshallah kwa adabu, kisha wakangoja hodi ambayo haikupigwa.

Alasiri hodi ilipigwa kwake yeye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, binti Mwinyijuma. Leo kwako hakuna watu?"

Sabiha aliketi mkekani bila kungoja kuonyeshwa mahali. Macho yalikuwa mekundu. "Bibi, nimewakosea nini wenzangu? Niliwaambia wote. Nimempitia Bi Mwanasiti sasa hivi, ananiambia, 'Niende safari ya watu bila kualikwa, miye kuku?' Nikamwambia, si nilikwambia? Akacheka tu."

"Mwanasiti mcheshi."

"Niambie kosa langu. Kesho wageni watauliza waliokamatwa wako wapi. Nitawaonyesha mawifi?"

Bi Mwatumu alikata popoo, akaifunga katika jani la tambuu taratibu, akaitia kinywani. Angeweza kunyamaza. Kesho Sabiha angesimama peke yake mbele ya wageni, angerudi na mikono mitupu, na barazani pake pangepatikana nafasi ya kuketi. Aliona picha hiyo yote, akaipenda. Kisha akamwona Mwanasiti juani, na mtungi umejaa mbele yake.

"Hujaalika," alisema.

"Nimetangaza..."

"Umetangaza. Hujaalika. Hapa mtu hupigiwa hodi, akatajwa yeye na wakwe zake na wanawe. Mama yako hakukwambia?"

Sabiha alishika kichwa. "Sasa nitafanyaje? Sizijui nyumba zote, wala majina." Akamtazama. "Bibi, nialikie."

"Kwa jina la nani?"

Swali lile lilimtoka kabla hajalipima, na baada ya kulisema ndipo aliposikia uzito wake. Mwalishi hutaja kwanza mwenye shughuli. Akikubali, itambidi asimame katika kila ukumbi wa Tongoni na kusema kwa mdomo wake kwamba shughuli hii ni ya Sabiha.

"Sema ni yako," Sabiha akajibu haraka. "Miye sijali."

"Weye hujali kwa sababu unayo," Bi Mwatumu alisema kwa ukali. "Shughuli haina mwenyewe wa kuazima. Inuka uende. Nitavaa buibui langu."

Katika nyumba ya kwanza alijaribu kulikwepa jina. "Mwaalikwa kesho alfajiri, safari ya ukumbi wa Usagara mjini, jambo la kisima," alisema, akaanza kutaja majina.

"Na nani?" mwenye nyumba alimkatiza. "Anayetualika ni nani?"

"Sabiha binti Mwinyijuma."

"Ahaa! Tutakwenda."

Nyumba ya pili alilitaja bila kungoja kuulizwa, na nyumba zilizofuata vilevile, na kila mara jina lile lilimkwaruza koo. Kwa Mwanasiti alifika magharibi inaingia.

"Mwaalikwa na Sabiha binti Mwinyijuma. Mwanasiti, mkweo Mastura, na wanao wa kike."

Mwanasiti alikunja mikono, midomo ikicheza. "Rudia, shoga. Sikulisikia vizuri jina la mwenyewe."

"Masikio yako yana taka. Yasafishe kabla ya alfajiri, lori halitakungoja."

Alfajiri lori lilijaa. Waliketi juu ya magunia ya mbata, wakapiga vigelegele tangu Tongoni mpaka Tanga, hata utingo akasema hajawahi kubeba nazi kavu zenye kelele kama zile. Bi Mwatumu aliketi pembeni, mgongo kwa wenzake.

Usagara waliingizwa katika ukumbi wenye joto. Wageni walikuwa wamekaa nyuma ya meza, mkalimani pembeni yao. Sabiha alisimama akasema. Alisema vizuri. Alieleza njia ilivyokuwapo tangu zama za mabibi, seng'enge ilivyokuja, na jua la siku ile. Bi Mwatumu alitafuta kosa katika maneno yake kama mtu anayetafuta jiwe katika mchele, asilione. Mgeni mmoja alipouliza nani mwingine yamemkuta, Mwanasiti alisimama, kisha jirani zake, kisha waliopigwa mawe na walinzi, kisha waliofukuzwa na mbwa, mpaka viti vingi vikawa vitupu. Mgeni yule aliandika bila kuinua kichwa.

Akamwona Bi Mwatumu, mmoja wa waliobaki wameketi. Mkalimani akafasiri, "Na wewe, mama, ulitendewa nini?"

Bi Mwatumu alisimama. Alikuwa na mengi, lakini yote yalikuwa ya watu, na wenyewe walikwisha kuyasema. "Miye," alisema, "niliwaalika."

Mkalimani alisita, akafasiri kwa kifupi. Mgeni alitabasamu kwa adabu, na kalamu yake haikuandika kitu. Bi Mwatumu aliketi na uso unawaka.

"Sasa mtatufungulia lini?" Mwanasiti aliuliza.

Jibu lilikuwa refu. Ujumbe ule haukuwa mahakama. Haukuweza kuamuru seng'enge ing'olewe. Ulisikiliza, ungekwenda kuuliza upande wa pili, ungeandika ulichoona na kushauri wenye mamlaka; na wenye mamlaka wangejua kwamba kuna wanaowatazama. Wanawake walitazamana, hawakuficha kwamba walitarajia zaidi.

"Basi ni kama miye tu," Bi Mwatumu alimnong'oneza Mwanasiti, "ila wao wana meza."

Mwanasiti alicheka mpaka mkalimani akageuka.

Kabla ya mwaka kwisha, bwana shauri wa wilaya alikuja kuikagua njia, akarudi tena na mwenye shamba, na mwishowe lango likatiwa katika seng'enge, wazi tangu alfajiri hadi magharibi. Siku ya kwanza wanawake walikwenda kisimani wakiimba, na jina waliloimba lilikuwa la Sabiha. Wimbo ule haukuwa na nafasi ya jina la pili.

Bi Mwatumu hakwenda. Aliendelea kuteka kisima cha pwani. Wali wake ulipikwa kwa maji yale, na chai pia.

"Mke wangu," Uweso alilalamika, "katika chai hii ningeweza kuvua dagaa."

"Asiyetaka anajua kwa kwenda."

"Kwani maji yana kosa gani? Yamefunguliwa kwa ajili yako pia."

"Nimesema sitaki kuimbiwa kisimani."

Alijua ni ujinga. Alijua pia kwamba angefanya vilevile kesho, kwa kuwa kila akifikiria lile lango alisikia kwanza wimbo, ndipo akaona maji. Mialiko aliendelea nayo, na watu walimkaribisha, lakini alipoketi waliongea mambo ya bei na mvua. Ya moyoni walikwisha kuyapeleka kwenye cherehani.

Upepo wa kusi ulikuwa umeanza alipomkuta Mastura, mkwe wa Mwanasiti, ameketi peke yake kwenye kisima cha pwani, ndoo haina kitu. Alikuwa amejifunika kanga mpaka puani. Alipoinua uso, jicho moja lilikuwa limevimba.

"Mbona huku, mwanangu? Wenzio wako kule kwenye maji baridi."

"Kule kumejaa watu, bibi. Na kwa Sabiha kumejaa watu. Mama mkwe wangu hushinda pale." Alifuta pua kwa pindo la kanga. "Na aliyenipiga ni mwanawe."

Bi Mwatumu aliitua ndoo. Moyo ulimwenda mbio, na aliona haya kwa sababu haikuwa huzuni peke yake.

"Sabiha umemwambia?"

"Hapana, bibi. Sijamwambia mtu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaketi kando yake juu ya ukingo wa kisima, akalivuta buibui vizuri magotini. Kabla ya magharibi angekuwa mlangoni kwa Mwanasiti, na safari hii hakuna aliyemtuma.

"Haya," alisema. "Anza mwanzo. Sitakukatiza."