Simu ya Baada ya Kufa

Kwenye seti za filamu walimwita Marehemu, na hakununa, maana jina hilo alilitafuta mwenyewe kwa jasho lake. Siku ya kwanza kabisa alikwenda kurekodi kama mpita njia tu, mtu wa kukatiza nyuma ya wahusika akiwa amebeba mfuko. Kijana aliyepangwa kuwa maiti pale barabarani akapiga chafya mara tatu chini ya shuka. Mwongozaji, aliyekuwa ameshachoshwa na jua, akageuka na kufoka: "Kuna mtu hapa anayeweza kutulia?" Yeye akanyoosha mkono. Akalala kwenye lami ya moto dakika nzima, nzi akamtembelea mdomoni, asitikisike. Kazi yake ikaanzia hapo, na kwa bahati mbaya ikagandia hapo hapo.

Kwa miaka ishirini na miwili alikufa kwenye filamu na tamthilia mara arobaini na kitu. Alipigwa risasi, alitiwa sumu, alianguka ngazini, alizama mtoni. Alijua kupumulia tumboni, chini kabisa, ili kifua kisionekane kikipanda. Alijua kuyaacha macho nusu wazi, akiyatuliza kwenye kitu kimoja cha mbali, taa au ufa wa ukuta, bila kupepesa. Watu wa kazi walimsifu mpaka basi. Lakini walipotafuta mtu wa kuongea, hakuna aliyemkumbuka.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya nyumba yake, na hakuwahi kuizoea kazi ile ya mwanawe. Sebuleni alikuwa na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Akisikia mwanawe ataonyeshwa, huacha cherehani na kukaa mbele ya televisheni hiyo. Humwangalia mpaka afe, kisha huzima hapo hapo, hata kama hadithi bado mbichi, hurudisha kitambaa na kupiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko nyumbani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Anakata. Ni hayo tu, mwaka nenda mwaka rudi, kwanza kwa simu ya jirani, baadaye kwa yake mwenyewe. Marehemu aliwahadithia wenzake kwenye seti wakavunjika mbavu. Hakuwaambia kwamba kila kipindi kilipoonyeshwa yeye alikaa na simu mapajani, akiingoja kama mtoto.

Mara moja tu mama alisema zaidi ya hapo. Ilikuwa mwaka ule moyo wake ulipoanza kumsumbua.

"Hivi hao wakubwa wako hawawezi kukuacha uishi hata mara moja? Nikuone umefika mwisho, na mimi nifurahi kabla sijaondoka."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiposema mimi atasema nani?"

Mwaka uliofuata bahati ikamwangukia. Akapewa kuwa mwalimu mkuu katika tamthilia ya wiki kumi na tatu, kila Jumapili saa kumi jioni, na maneno ya kusema, kurasa kwa kurasa. Mtayarishaji akamhakikishia kwamba mwalimu mkuu anaishi mpaka mwisho. Alikwenda kwa mama yake mbio. Mama alichukua tepu shingoni, akampima mabega, akamshonea shati la kijivu la mikono mirefu, na ndilo alilovaa mwalimu mkuu kila wiki. Wateja barazani hawakupumua. "Iangalieni hiyo kola," aliwaambia. "Mkono wangu huo. Na huyu hafi!"

Wiki ya kumi mwongozaji akamwita pembeni.

"Watu wamempenda mno mwalimu mkuu. Akifa, nchi nzima italia."

"Bosi, mama yangu anaangalia. Mgonjwa wa moyo. Nimeshamwahidi."

"Sijaamua. Tutarekodi miisho miwili, nichague wakati wa kuhariri. Ila nikwambie ukweli tu, wewe kufa ndiyo fani yako."

Basi wakarekodi miwili, kama wafanyavyo wasipotaka siri ivuje. Asubuhi mwalimu mkuu alifunga mlango wa shule na kutembea taratibu kwenda kwake, funguo zikilia mfukoni. Mchana alitakiwa aanguke mbele ya ubao, chaki mkononi.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikufa vibaya kwa makusudi. Akapepesa macho. Akaacha kifua kipande na kushuka. Wakarudia mara sita, na mara ya sita akapiga chafya. Mwongozaji akabwaga kofia chini.

"Leo umepatwa na nini wewe?"

"Nimezeeka, bosi."

Aliona aibu, nisiwafiche. Alikuwa ameharibu kitu pekee alichokijua duniani, tena mbele ya watu waliomheshimu kwa kitu hicho hicho. Lakini kwenye gari la kazi, njia nzima, alitabasamu peke yake.

Jumapili ya mwisho alikaa chumbani kwake, simu mapajani, roho juu. Mwalimu mkuu akafunga mlango wa shule. Akatembea, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, kisha majina yakaanza kupanda. Ameishi! Marehemu akaruka kitini na kupiga makofi peke yake kama aliyerukwa na akili.

Akangoja simu. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na moja na nusu, kimya. Ndipo akajicheka. Mama hupiga akimwona amekufa. Leo hajafa, sasa apige ya nini? Ukimya ule ukamwingia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Alifikiria kumpigia yeye, amtanie kidogo, kidole kikafika mpaka kwenye jina lake. Kisha akasema, mwache ajifurahie, kesho nitakwenda. Usiku huo alilala fofofo.

Asubuhi mteja aliyefuata gauni lake alimkuta mama kitini, sebuleni, ameshapoa. Televisheni ilikuwa bado inaongea. Kitambaa cha kufuma kilikuwa mapajani, na simu ilikuwa mkononi.

Daktari alisema moyo ulisimama jioni ile, saa hasa haijui. Jirani alisema alimsikia akipiga makofi na kucheka, akajua mtoto wake amefika mwisho salama. Watu wakamletea Marehemu habari hiyo, wakimfariji: alikuona, ameondoka na furaha yake. Aliwashukuru mmoja mmoja. Ni kweli alimwona. Lakini baada ya makofi yale ulikuwepo muda, na katika muda huo mama alishika simu, na yeye alikuwa kwake anausifu ukimya. Kwa miaka ishirini na miwili mama ndiye aliyepiga kuuliza kama mwanawe yu hai. Yeye hakuwahi kupiga kumuuliza mama hivyo, hata jioni moja.

Kazi haikumwacha. Miezi miwili baadaye alikufa tena, safari hii kwa kisu, na watu wa seti wakafurahi kwamba fundi wao amerudi. Kipindi kilipoonyeshwa alikuwa nyumbani kwa mama, akipanga nguo za wateja zilizokuwa hazijachukuliwa. Alikaa kwenye kiti kile. Alijiangalia akianguka, macho nusu wazi, kifua hakipandi. Akazima hapo hapo, akarudisha kitambaa, akaweka simu mapajani.

Alikaa hivyo mpaka muda wa simu ya mama ulipopita kabisa. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Akainuka, akaenda jikoni, akapasha chakula cha jana, akala.